Kipa Hodari si Lazima Awe Kocha Hodari: Jibu kwa Mlinda Lango wa Kakamega

Swali: Habari yako, kocha. Mimi ni kipa wa mpira wa magongo hapa Kakamega. Nimesimama langoni tangu kidato cha pili, na sasa nina miaka 33. Magoti yameanza kunisumbua, hasa asubuhi baada ya mechi. Shule ya wasichana niliyosomea imeniomba nikawafundishe makipa wao wawili, na mwalimu wa michezo amedokeza kwamba huenda baadaye nikakabidhiwa timu nzima. Mume wangu hutazama magongo ya barafuni kwenye simu. Kila mara hunitajia Patrick Roy, kwamba alikuwa kipa nyota kisha akawa kocha mkuu, kwa hivyo nami nitaweza. Je, kipa mzuri huwa kocha mzuri? Na nianzie wapi, maana nikiulizwa niliokoaje mpira fulani, huwa sijui.

Jibu: Dada, asante kwa kuniandikia. Nitaanza na hiyo sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyobeba swali zima.

Kipa aliyeiva huokoa kabla hajafikiri. Mpira ukitoka kwenye gongo la mshambuliaji, mguu umeshaondoka na mkono umeshafunguka. Ukiulizwa ulijuaje, huna la kusema, na hilo wala si upungufu. Ndivyo makipa wakubwa walivyo. Lakini siku utakaposimama mbele ya msichana wa kidato cha pili aliyevalia pedi zinazompwaya, yeye hana mguu wako. Ana wake, pengine mfupi zaidi, pengine mzito wa kuanza lakini mwepesi wa kurudi. Hapo ndipo wengi waliotamba langoni wanapokwama. Wanamfundisha mtoto mwili ambao si wake, halafu wakiona hafanyi kama wao, wanasema hana kipaji. Nimeona makipa wachanga wengi wa Kisumu na Siaya wakiacha mchezo kwa sababu hiyo tu, na inaniuma kila nikikumbuka.

Mumeo amechagua mfano mzuri, ila ameusimulia nusu.

Patrick Roy alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1965. Aliichezea Montreal Canadiens kisha Colorado Avalanche, akatwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni Amerika Kaskazini, mara 4: 1986, 1993, 1996 na 2001. Katika 3 kati ya hizo alitajwa mchezaji bora wa mechi za mtoano, na hakuna mwingine aliyewahi kuipata tuzo hiyo mara 3. Alipostaafu mwaka 2003 alikuwa ameshinda mechi 551 za msimu wa kawaida, rekodi ya makipa wote wa NHL kwa wakati huo. Huyo ndiye Roy wa kwenye simu ya mumeo.

Nusu ya pili inahusu aliyemfundisha. Akiwa bado kijana katika timu ya Sherbrooke, Roy alianza kufanya kazi na François Allaire, mtu ambaye hakuwahi kucheza NHL hata mechi moja. Allaire ndiye aliyechukua mtindo wa kipepeo na kuufanya somo lenye hatua: kipa anashuka kwa magoti, anatandaza miguu pande mbili, sehemu yote ya chini ya lango inafungwa, kisha anainuka na kusogea akiwa bado anamkabili mpigaji. Mtindo wenyewe haukuwa mpya. Glenn Hall na Tony Esposito walikuwa wakishuka hivyo miaka mingi kabla. Ila wao walidaka tu. Allaire akaja akaeleza kwa nini goti litangulie, bega likae wapi, na jicho lifuate nini. Makipa wa nusu ya dunia ya barafu wakamwiga Roy, lakini walichokuwa wakiiga kilitoka kwa mwalimu ambaye watazamaji wengi hawakulijua hata jina lake.

Sasa angalia Roy mwenyewe alivyoingia kwenye ukocha. Hakutoka langoni moja kwa moja hadi benchi la ufundi la NHL. Kuanzia 2005 hadi 2013 aliwafundisha vijana wa Quebec Remparts, na mwaka 2006 wakatwaa Kombe la Memorial, ambalo ndilo kombe kubwa la vijana nchini Kanada. Colorado ilipomkabidhi mikoba mwaka 2013, mwaka huohuo Allaire akaajiriwa kuwa kocha wa makipa. Hebu lifikirie hilo, dada. Mtu mwenye makombe 4 ya kudaka anapewa timu, na makipa wa timu hiyo wanapelekwa kwa mwalimu wake wa zamani. Mwisho wa msimu huo, 2014, Roy alipewa tuzo ya kocha bora wa ligi. Aliondoka Colorado mwaka 2016, akarudi kwa vijana wake wa Quebec na kutwaa tena Kombe la Memorial mwaka 2023. Januari 2024 akaitwa na New York Islanders.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, si lazima. Udakaji wako utakufungulia mlango na wasichana watakusikiliza wiki ya kwanza kwa sababu ya jina lako. Baada ya hapo watakusikiliza ikiwa tu unawaona.

Kuna mnyororo mmoja wa makipa ambao huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Jacques Plante, kipa wa Montreal, alipigwa usoni tarehe 1 Novemba 1959 na shuti la Andy Bathgate wa New York Rangers. Akashonwa, akakataa kurudi uwanjani bila kinyago, na kocha Toe Blake, ambaye hakukipenda kinyago, akalazimika kukubali. Wengi wanamjua Plante kwa hilo. Kwako wewe lililo muhimu zaidi lilitokea mwaka 1971 huko Toronto. Plante, akiwa na miaka 42 na bado anadaka, alijikuta timu moja na kipa kijana aitwaye Bernie Parent. Wawili hao waligombea lango lilelile, lakini mzee hakumficha kijana kitu. Alimfundisha pembe: usimame wapi, utoke kiasi gani, urudi lini. Parent akaenda kuipa Philadelphia Flyers Kombe la Stanley 1974 na 1975, na mara zote mbili akatajwa mchezaji bora wa mtoano. Mwaka 1979 gongo lilimwingia kwenye tundu la kinyago, jicho likaumia, na mchezo wake ukaishia hapo. Akawa kocha wa makipa wa klabu hiyohiyo, na mwanafunzi wake Pelle Lindbergh akatwaa Tuzo ya Vezina ya kipa bora mwaka 1985.

Pembe zilipita kutoka kwa Plante hadi kwa Lindbergh kwa sababu pembe zinaweza kuelezwa. Wepesi wa mkono wa Plante alikwenda nao mwenyewe. Basi anza na pembe, hata huko Kakamega.

Chukua kamba ya katani ndefu, funga ncha moja kwenye mlingoti wa kushoto wa lango na nyingine kwenye mlingoti wa kulia, kisha ivute katikati hadi ulipo mpira, ndani ya duara la kupigia. Sasa una pembetatu. Mweke msichana kwenye mstari wa goli, umwambie atazame nafasi iliyopo kati yake na kamba, kulia na kushoto. Ni kubwa, maana lango letu lina upana wa mita 3.66. Mwambie apige hatua mbili mbele kuelekea mpira. Atazame tena. Kamba zimemkaribia. Hatua nyingine mbili, sasa zinakaribia kugusa glavu. Usiseme kitu kwa dakika nzima. Mwache aende mbele na nyuma mwenyewe. Kisha hamisha mpira pembeni, uvute kamba upya, na utamwona anajipanga vibaya: atakuwa anaukabili mpira kwa uso huku mwili umebaki katikati ya lango. Hapo sasa sema. Sogeza mguu wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, bila kupishanisha. Zoezi hili halina gharama, na ukilirudia kila wiki, katikati ya muhula utaona mtoto anatoka langoni kwa wakati bila kuambiwa.

Jambo la pili la kutazama ni visigino. Usitazame mpira. Najua ni vigumu, kwa sababu maisha yako yote umeutazama mpira. Mwambie mwenzake apige, na wewe simama pembeni, macho yako yawe kwenye viatu vya kipa. Kabla tu ya shuti, makipa wengi wa shule hurudisha uzito kwenye visigino na kuvuta kichwa nyuma kidogo. Ni woga wa kawaida kabisa, mwili unakikwepa kitu kigumu kinachokuja. Lakini mtu aliyekaa kwenye visigino hawezi kwenda popote ila chini na nyuma. Watu watakwambia mtoto huyo ni mzito, hana kasi, na kasi anayo. Mshushe mikono, mwinamishe mbele kidogo hadi pua ipite vidole vya miguu, umrushie mipira kwa mkono kwanza, polepole, mpaka kichwa kiache kuruka. Gongo baadaye.

Mtindo wa kipepeo usiuhamishe kama ulivyo, hata kama mumeo atakuonyesha video tamu namna gani. Kule kipa anatelezea juu ya barafu, na paki, kile kisahani cha mpira mgumu, kikipigwa chini hutambaa sawasawa. Kina uzito wa gramu 156 hadi 170, karibu sawa na mpira wetu wa gramu 156 hadi 163. Lango lao lina upana wa mita 1.83 tu na urefu wa 1.22, kwa hiyo aliyepiga magoti bado anafunika sehemu kubwa. Letu lina urefu wa mita 2.14. Tena viwanja vya shule zetu nyingi ni vya nyasi na vichuguu vidogovidogo, mahali pengine murramu tupu, na mpira unadunda unavyotaka. Msichana aliyekwisha kushuka kwa magoti hawezi kuupiga teke kuuondoa, na sisi silaha yetu kubwa ni teke la pembeni, mbali na wanaovizia. Mfundishe kusimama muda mrefu iwezekanavyo. Na magoti yako yanayouma asubuhi yakukumbushe kwamba ya mtoto wa miaka 15 bado yanakua.

Usisahau mafunzo ya kufungwa. Hapa kipa aliyekuwa kipa ana faida ambayo kocha mwingine hana. Tarehe 2 Desemba 1995 Montreal ilifungwa na Detroit mabao 11 kwa 1, na Roy aliachwa langoni hadi alipofungwa la 9. Alipotolewa alikwenda moja kwa moja kwa rais wa klabu aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho Montreal. Siku chache baadaye alikuwa mchezaji wa Colorado. Upande mwingine kuna kipa Vladislav Tretiak wa Umoja wa Kisovieti. Tarehe 22 Februari 1980, katika Olimpiki ya Lake Placid, kocha Viktor Tikhonov alimtoa baada ya kipindi cha kwanza mechi ikiwa 2 kwa 2, na Wamarekani wakashinda 4 kwa 3. Mmoja alichelewa kutolewa, mwingine aliwahishwa, na wote wawili waliumizwa na benchi kuliko walivyoumizwa na mabao. Wewe umeyapitia hayo kwenye viwanja vyako, unajua ladha yake. Kwa hiyo kabla ya mechi kaa na makipa wako wote wawili, uwaeleze nani anaanza, na ni jambo gani litakalokufanya umtoe. Wakijua mapema, anayetoka hatalia kwa aibu na anayeingia hataingia akitetemeka.

Huyo Tretiak, kwa njia, alistaafu mwaka 1984 akiwa na miaka 32, karibu umri wako. Alikuwa na dhahabu 3 za Olimpiki: 1972, 1976 na 1984. Miaka michache baadaye Chicago Blackhawks walimwita awafundishe makipa wao. Miongoni mwa aliowakuta ni Ed Belfour na Dominik Hasek, watu wawili wasiofanana kwa lolote. Belfour alidaka kwa utaratibu, na baadaye akavaa jezi namba 20 kwa heshima ya mwalimu wake. Hasek alijirusha, akajikunja, akalala chali, akaokoa kwa kitu chochote kilichokuwa karibu. Wote wawili waliishia katika ukumbi wa mashujaa wa hoki. Nawe utapewa wawili. Usiwafanye pacha. Huenda mmoja atakufanana, na huyo atakuvutia zaidi bila wewe kujua. Mwangalie yule mwingine mara mbili.

Kuhusu timu nzima. Kipa ana sifa moja ya kumfanya kocha mkuu: ameutazama mchezo wote ukimjia miaka yote, anajua beki anapolala na kiungo anapochelewa kurudi. Pengo lake ni mbele. Hajui mshambuliaji anafikiri nini akiwa amewapa wengine mgongo. Usiharakishe. Misimu miwili ya kwanza fundisha makipa na mabeki, panga ulinzi wa kona fupi, yaani kona ya adhabu, na kila mazoezi ya washambuliaji kaa karibu na mwalimu wao ukiuliza. Roy aliliziba pengo hilo hadi akawa jasiri upande wa pili. Katika mtoano wa 2014, Colorado ikiwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Minnesota, alimtoa kipa wake zikiwa zimebaki dakika 3 hivi ili aongeze mshambuliaji. Makocha wengi wa wakati huo walisubiri hadi dakika ya mwisho. Timu yake ilisawazisha sekunde chache kabla ya kipenga, ikashinda katika muda wa ziada. Waliondolewa baadaye katika raundi hiyohiyo, lakini mtu aliyeishi langoni ndiye aliyekuwa tayari kuliacha lango wazi.

Hukuniuliza kuhusu kuwa mwanamke, nami nitaligusa kwa sababu utakutana nalo kwenye kamati za michezo, ambako wanaume ndio wengi. Tarehe 23 Septemba 1992, Manon Rhéaume alisimama langoni kwa Tampa Bay Lightning katika mechi ya maandalizi dhidi ya St. Louis Blues, mwanamke wa kwanza kucheza mechi ya timu ya NHL. Kwa kipindi kimoja alipigiwa mashuti 9, akaokoa 7. Mwaka 1998 akapata medali ya fedha ya Olimpiki akiwa na Kanada, na baadaye amewafundisha hata timu za wavulana. Mtu akikuuliza kama wasichana wanahitaji kocha wa kiume ili wawe wakali, mjibu kwa mazoezi yako. Hapa magharibi, shule za wasichana ndizo zilizoubeba mchezo huu kwa miaka mingi, na wengi wa waliozibeba ni walimu wa kike waliofanya kazi bila kutajwa.

Mapato nitakwambia ukweli: usiache kazi uliyo nayo. Kufundisha makipa wa shule kwetu ni posho, nauli na chakula cha mchana, pengine na barua ya shukrani. Tafuta cheti mapema hata hivyo. Shirikisho la kimataifa, FIH, lina kozi za ukocha zinazoanzia ngazi ya kwanza, na Chama cha Hoki cha Kenya ndicho cha kuulizia zinapofanyika. Bila karatasi hiyo utabaki kuitwa msaidizi hata ukiwa unafanya kazi yote.

Kabla hujakubali, nenda ukafungue stoo ya michezo wewe mwenyewe. Mpira wa magongo kwa kawaida huchezwa muhula wa kwanza, kwa hiyo vifaa vimekaa miezi mingi gizani, panya wamekula sponji na mikanda imekatika. Kanuni zinataka kipa awe angalau na kofia ngumu, pedi za miguu na viatu vya kupigia teke. Mimi naongeza kinga ya kifua na glavu, kwa sababu kanuni hazijamwona msichana akipigwa mbavuni kwenye kona fupi. Jaribu kila kofia kwa mkono: ishike wavu wa uso, uutikise. Wavu ukiwa umelegea, kofia hiyo haifai. Andika unachokosa kwenye karatasi moja, umpelekee mwalimu mkuu pamoja na jibu lako la ndiyo, umwambie mazoezi ya kamba yataanza Jumatatu na mashuti yataanza siku kofia mbili nzima zitakapofika. Kwa hilo usilegeze kamba, hata kama mechi ya kaunti ni wiki ijayo.